Kile Kiwimbi Pembeni ya 400

Wadogo zangu, picha nimeiona. Aliyeituma anajijua, simtaji. Boksi limefungwa vizuri, waya zimelala kama nywele zilizosukwa, lebo zimechapwa, na chini yake ameandika "Kazi imeisha, mkuu" pamoja na kile kidole gumba cha simu. Nikaivuta picha karibu. Breka mbili, zile swichi za kukata umeme, upande wa paneli za sola, zote za AC, yaani za umeme wa gridi. Nikaweka simu chini, nikatoka nje kunywa maji.

Kosa lile nalijua. Ni langu. Nililifanya mwaka 2017 nikiwa na cheti, uzoefu na kiburi cha kutosha watu wawili, na sasa nalikuta limevaa ovaroli mpya. Basi nawaandikia, ninyi mnaoanza mwezi huu na ninyi mlioanza mwaka jana mkadhani mmeshakuwa wazee wa saiti. Nimeweka namba ili mkiulizwa msiseme hamkuona.

1. Paneli haina swichi. Jua likiwa juu iko hai, hata kama umeshusha kila kitu ndani ya nyumba. Pima kwanza, gusa baadaye. Na siku uliyosahau multimita huna kazi, kaa kivulini usubiri mwenye nayo.

2. Konekta za kampuni mbili tofauti msiziozeshe, hata kama zinaingiliana vizuri kabisa. Leo zinashika, baadaye zinapata joto, mwakani zinayeyuka juu ya paa la mtu. Na kukrimpu, yaani kubana konekta kwenye waya, ni kwa krimpa. Nimeshamwona mtu akikrimpu kwa meno, na alikuwa amemaliza chuo.

3. Mtakaopangiwa Njombe na Makete, hesabu ya volti ifanyeni kwa baridi ya huko. Namba za nyuma ya paneli zimepimwa katika nyuzi 25, na kila nyuzi moja ikishuka volti inapanda kwa takribani asilimia 0.3. Asubuhi ya Julai, nyuzi 5, jua linachomoza juu ya umande: stringi, yaani paneli zilizofungwa kwa mfululizo, uliyoihesabu Dar ukiwa umekaa chini ya feni inakuja na asilimia 6 ya ziada, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa nyumbani, uliyoibakizia nafasi ya asilimia 3 inakufa kabla hujanywa chai. Mwenzenu mmoja aliua mbili kwa wiki moja. Ya kwanza alisema ilikuja mbovu kutoka kiwandani. Ya pili alinyamaza.

4. Sasa breka.

Umeme wa TANESCO unapita sifuri mara 100 kwa sekunde. Breka ya AC inapofunguka, cheche inayozaliwa kati ya kontakti zake inazimika kwa msaada wa sifuri hiyo. DC, umeme wa paneli, haina sifuri. Cheche ikishika, inaendelea kuwaka kama ya kuchomelea vyuma, maana ndiyo hiyohiyo. Haya mnayajua, mmeyafanyia mtihani. Hata mimi nilikuwa nayajua.

Ilikuwa zahanati moja huko nyanda za juu kusini. Paneli nane kwa mfululizo, kila moja volti 45 bila mzigo, jumla 360. Friji ya chanjo, taa za chumba cha kujifungulia, pampu ya maji. Breka za DC zilikuwemo kwenye BOQ, ile orodha ya vifaa vya mradi. Zilikuwemo pia kwenye lori lililokwama katika tope la Aprili. Na ufunguzi ulikuwa Ijumaa, DC anakuja. Namaanisha mkuu wa wilaya. Wenzangu wamenitania mpaka leo kwamba nilimwogopa DC mmoja nikamdharau mwingine.

Jumatano jioni nikaenda duka la vifaa vya umeme pale mjini, nikanunua breka za kawaida za ampea 32. Nilizigeuzageuza chini ya taa ya duka. Zimeandikwa 400. Sisi tuna 360. Nafasi ipo. Pembeni ya 400 palikuwa na kiwimbi kidogo, ~, alama ya AC, kama mdudu aliyekufa juu ya plastiki. Nilikiona. Hilo ndilo nililoshindwa kulisema kwa miaka mitatu: nilikiona, nikajiambia ni ya muda tu, lori likifika tunabadilisha. Muuzaji akaniuliza kama nataka risiti. Nikasema hapana.

Ijumaa ilikwenda vizuri. Utepe ukakatwa, ngoma ikapigwa, nami nikapigwa picha nimesimama pembeni ya boksi kama mtu aliyeoa. Jumamosi lori likafika, lakini mimi nilishahamishiwa saiti nyingine, na zile breka zikachukuliwa na mradi mwingine uliokuwa unazisubiri. "Muda tu" wangu ukaanza kuota mizizi.

Kabla ya kuondoka nilimfundisha muuguzi wa pale, mama mtu mzima, mwangalifu, anayeandika kila kitu kwenye daftari. Nikamwambia, "Mama, ukiona taa nyekundu kwenye inveta, shusha hii, halafu nipigie." Akaandika. Akanirudishia ili ahakikishe: "Nashusha hii, halafu nakupigia."

Agosti, saa saba mchana, jua limesimama utosini, taa nyekundu ikawaka. Lilikuwa onyo la joto tu. Feni imejaa vumbi, inveta bado inavuta paneli zote nane. Mama akafungua daftari. Akashusha.

Kitasa cha breka kilishuka, umeme haukukatika. Cheche ilibaki imesimama ndani ya kile kiplastiki, ikala breka, ikala boksi. Ilikuwa ampea 9. Mtu akisikia 9 anacheka. Na msidhani fyuzi ingeokoa: stringi moja hata ukiipiga shoti inatoa zaidi kidogo tu kuliko inavyotoa kila siku, kwa hiyo hakuna kifaa kinachoshtuka. Uliwaka mpaka waya ulipoyeyuka na kuachana wenyewe. Yule mama aliungua kiganja na kidole gumba cha mkono wa kulia. Mkono anaozalishia. Mlinzi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumfundisha chochote, ndiye aliyemvuta nyuma kwa kitenge chake, akawatoa wagonjwa nje na kuzuia watu wasimwage maji. Mhandisi pekee aliyekuwepo pale siku ile ni yeye.

Nilifika kesho yake. Mkono umefungwa bandeji, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Injinia, mimi nilishusha ile uliyoniambia." Daftari liko mapajani, ukurasa wazi, ili nisije nikadhani amesahau. Nikasema pole, mama. Halafu nikakaa kwenye benchi la wagonjwa kuandika ripoti, na palipoandikwa chanzo cha hitilafu nikajaza: radi.

Radi. Agosti. Kule Agosti hata wingu halipiti. Ripoti ilisainiwa na watu watatu na hakuna aliyeinua macho.

Mkidhani hapo ndipo mwisho wa aibu, subirini. Kwa kuwa saiti ile ya kwanza ilikaa miezi bila shida, nilikuwa nimeshairudia ile "njia ya haraka" katika saiti nyingine tatu. Na kwa kuwa chanzo rasmi kilikuwa radi, hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kuzikagua. Nilizunguka mwenyewe siku za mapumziko, basi halafu bodaboda, breka za DC kwenye begi nilizozinunua kwa mshahara wangu, nikifika nasema nimekuja kufuta vumbi. Boksi la tatu nilipolifungua, plastiki ilishaanza kuwa kahawia. Nilikaa chini palepale. Wauguzi wa pale walinishukuru kwa kujali, wakanipa mahindi ya kuchoma. Sijawahi kula mahindi machungu kama yale.

Mwaka 2020 nilimwambia bosi, kisha nikapanda basi kwenda kumwambia yule mama. Bosi alinipa barua ya onyo. Mama alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza muda mrefu akikunja na kukunjua kile kidole ambacho hakikunjiki tena vizuri. Akauliza swali moja tu: "Na wale wa zile saiti tatu, uliwaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Nilikuwa nimebadilisha breka, basi. Walikuwa wameishi na kitu kile ukutani, mikono yao ikipita pale kila siku, na hawakujua. Niliwapigia jioni ile ile nikiwa stendi. Mmoja alikata simu kabla sijamaliza, na ana haki.

Nyongeza kwa wajanja: breka ya DC nayo, kama ina alama za plasi na mainasi, ukiifunga kinyume inaweza kuungua vilevile. Soma maandishi yote, hata yaliyo madogo kama sisimizi.

5. Ule waya wenye plagi dume huku na dume kule, unaochomekwa kwenye soketi ili inveta au jenereta iwashe nyumba nzima. Mnauita ubunifu. Umeme unatoka nyumbani kwa mteja unapanda nguzo kinyumenyume, transfoma badala ya kushusha inapandisha, na huko juu kwenye laini ya volti 11,000 au 33,000 kuna fundi anayejua kwamba imezimwa. Funga chenji ova, swichi inayochagua chanzo kimoja tu cha umeme. Mteja akisema ni ghali, mwache aite fundi mwingine, na umweleze mbele ya mkewe kwa nini unaondoka.

6. Betri za asidi zikichajiwa hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba kinachongojwa ni cheche. Kwa hiyo stoo ya dawa isiyo na dirisha si chumba cha betri, hata kama mganga mfawidhi ameipenda. Lithiamu nayo msiizoee. Aprili 2019 huko Arizona, Marekani, kituo cha betri za lithiamu kilianza kufuka. Wazima moto walisubiri saa kadhaa nje, hali ikaonekana kutulia, wakafungua mlango. Gesi iliyokuwa imejaa ndani ikalipuka, wakaumia vibaya. Watu wenye vifaa na mafunzo, na bado. Kuna kijana kati yenu anayeunda betri kutoka seli za laptopu kuukuu. Ana mikono mizuri kuliko yangu na namheshimu. Aendelee, akiwa benchini, na BMS, kile kifaa cha kuilinda betri, mbali na nyumba. Siku atakayoiweka chini ya kitanda cha bibi wa mtu tutagombana.

7. Wenye leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, mtaombwa "mkopeshe jina" kwa kazi ambayo hamkuiona. Jibu ni hapana. Na cheti cha vipimo hujazwa baada ya kupima, si ndani ya gari mkirudi mjini.

8. Msije mkasema mzee anachukia ubunifu. Ubunifu bora nilioushuhudia katika kazi hii ulifanywa na binti wa VETA aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Alichora namba 1, 2 na 3 juu ya swichi kwa rangi ya mlango, akachora mkono kwenye ya 1, na kwenye ya 3 mkono uliopigwa alama ya X. Kisha akamwita mlinzi asiyejua kusoma, akamwambia azime mfumo mara tano, yeye amesimama nyuma bila kusema neno. Mara ya nne mlinzi akakosea. Sisi wengine tungemwambia mlinzi, "Mzee, kuwa makini." Binti alifuta mchoro, akachora upya, wakaanza tena kutoka moja. Gharama: rangi iliyobaki kwenye kopo. Nimeona mifumo ya mamilioni isiyo na akili kama ile.

9. Wewe wa ile picha. Boksi lako ni zuri kuliko langu la 2017, na hizo lebo nitaziiba. Breka za DC ziko stoo, rafu ya pili, karibu na kopo la rangi la yule binti. Mganga mfawidhi nimeshampigia: asiguse kitu, na nimemweleza kwa nini. Ripoti utaiandika wewe, mimi nitakaa pembeni. Gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Njoo na sweta.