Umeachiwa kanda za bendi ya panki isiyojulikana? Usianze kwa kuzisafisha

Msomaji mmoja ameandika wiki hii. Ameachiwa boksi la kanda za kaseti za bendi ya panki, roki ya kasi na kelele, ambayo mjomba wake alikuwa mpiga besi. Bendi ilipiga shoo chache, ikasambaratika, na nje ya marafiki zao hakuna aliyepata kuisikia. Anauliza ni programu gani inayoondoa mvumo vizuri zaidi.

Programu ni jambo la mwisho kabisa. Kanda mama za bendi kubwa hutunzwa na kampuni. Bendi ndogo mara nyingi ina kanda moja tu duniani, na ndiyo hiyo uliyoishika mkononi. Kazi yako ya kwanza ni kuitoa sauti yote iliyomo, nzuri na mbovu, bila kugusa chochote.

Kabla ya yote, geuza kanda utazame mgongo wake. Kuna vibamba viwili vidogo vya plastiki pembeni. Vivunje vyote viwili, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, deki, yaani mashine ya kuchezea kaseti, ikatae. Kisha tazama utepe kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe, hiyo ni kuvu: usiicheze, maana itachafua deki na kanda zote zitakazofuata. Itenge kwenye mfuko wake umpelekee fundi. Tazama pia kile kipande kidogo cha sufi kilicho katikati ya mdomo wa kanda, ambacho huukandamiza utepe kwenye hedi, sehemu ya deki inayousoma. Gundi yake huzeeka, sufi hudondoka, na sauti huanza kufifia na kurudi. Dawa yake ni kuhamisha utepe kwenye kasha jipya lenye skrubu tano. Kasha la zamani likiwa limegandishwa bila skrubu, lipasue taratibu kwenye kiungo kwa kisu chembamba, na usiache vile vigurudumu viwili vikakunjuka. Utepe uliokatika uungwe kwa tepu maalumu ya kuungia kaseti. Selotepu ya ofisini hutoa gundi pembeni na kuganda kwenye mzunguko unaofuata.

Safisha hedi ya deki kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Roli ya mpira isafishe kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa sababu spiriti hukausha mpira. Peleka kanda mbele hadi mwisho, irudishe mwanzo, ndipo uicheze.

Sasa tumefika mahali ambapo wengi huharibu. Hedi ya mashine iliyorekodi kanda haikukaa kwa pembe ileile ya hedi ya deki yako. Tofauti ndogo tu inakula sauti zote za juu: matoazi yanakuwa tope, maneno ya mwimbaji hayashikiki, na mtu anahitimisha kwamba bendi ilirekodi vibaya. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye kispringi. Weka alama ilipo, unganisha chaneli mbili ziwe mono, vaa hedifoni, kisha izungushe kidogo kidogo kwa bisibisi isiyo na sumaku hadi matoazi yang'ae kuliko kwingine kote. Rudia kwa upande wa pili wa kanda, na urudie tena kwa kila kanda. Hakuna programu inayoweza kurudisha baadaye kile ambacho hedi haikusoma.

Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, biti 24, kilohezi 96. Kanda ya dakika 60 itachukua takriban gigabaiti 2, na nafasi hiyo si ghali. Kilele cha sauti kisipite desibeli -6. Panki ilirekodiwa kwa kujaza sauti mpaka inapasuka, basi mpasuko uliomo kwenye kanda uache, ila hakikisha wewe huongezi wako. Kama lebo haisemi Dolby, ule mfumo wa deki wa kupunguza mchakato wa utepe, izime.

Na ule mvumo? Uache kabisa katika nakala ya kwanza, kwa sababu ndio utakaokuambia kasi. Bendi nyingi zilirekodi mazoezi kwa redio kaseti ya betri. Betri zikichoka, mota hupungua mwendo, na ukiicheza kanda hiyo kwenye deki nzima wimbo hukimbia na sauti hupanda. Magitaa hayawezi kukusaidia kupima, maana hawakutyuni kwa kifaa. Lakini amplifaya zao zilichomekwa ukutani, na umeme huvuma kwa hezi 50, au 60 kama ni Marekani. Pima mvumo kwenye programu ya kuonesha masafa. Ukikuta 52 badala ya 50, kanda inakimbia kwa asilimia 4, na unajua kiasi kamili cha kupunguza. Angalia tu usipime mvumo wa deki yako mwenyewe: huo haubadiliki hata kanda ikiwa imesimama. Anayefuta mvumo mwanzoni anatupa rula aliyopewa bure.

Tatizo jingine huwatisha watu bila sababu. Unaicheza kanda, ngoma zinaburuta, mwimbaji anaunguruma kama jitu, na ukigeuza upande wa pili kila kitu kinakwenda kinyumenyume. Kanda haijaharibika. Ilirekodiwa kwenye mashine ya njia nne, aina iliyoanza na Tascam Portastudio 144 mwaka 1979. Mashine hizo hutumia upana wote wa utepe kwa mwelekeo mmoja, na baadhi yake huenda kwa kasi maradufu, sentimita 9.5 kwa sekunde badala ya 4.76. Tafuta mashine kama hiyo ya kuazima. Ukikosa, rekodi pande zote mbili kwenye deki ya kawaida, geuza upande wa pili, zidisha kasi, kisha panga njia nne kwa mkono. Zitaachana kila baada ya muda, na itabidi uzivute tena, wimbo kwa wimbo. Inachosha, lakini ukimaliza utakuwa na besi peke yake, kitu ambacho wanabendi wenyewe huenda hawajawahi kukisikia.

Baada ya sauti, watu. Wahoji mmoja mmoja kwanza, usiwakusanye. Wakikaa pamoja, yule msemaji sana ndiye anayekuwa na kumbukumbu, wengine wanaitikia. Usiulize "ilikuwaje?" Uliza ngoma zilikuwa za nani, zilibebwa na gari gani, mazoezi yalifanyika kwa nani na jirani yupi alilalamika. Wachezee kanda ghafi, huku kinasa sauti kinaendelea. Mpiga ngoma aliyekaa miezi mitatu tu atajitambua kwa namna anavyoingia wimbo. Wakipingana, andika kauli zote mbili. Kisha uliza nani alikuwa na kamera. Mara nyingi ni rafiki ambaye hakuwahi kupanda jukwaani, na negativu bado anazo.

Vipeperushi vingi havina mwaka, lakini vina siku na tarehe. Ijumaa, 14 Oktoba, ni 1977, 1983, 1988 au 1994. Mjue mpiga ngoma wa shoo ile, na mwaka umebaki mmoja. Skani kwa rangi, dpi 600, hata kama ni fotokopi nyeusi, ili alama za kalamu na selotepu zionekane.

Haya yasingoje. Death, bendi ya ndugu watatu wa Detroit, Marekani, walichapisha santuri ya nakala 500 mwaka 1976. Albamu kutokana na kanda zao ilitoka 2009, na David Hackney, mpiga gitaa aliyeisukuma bendi ile, alikuwa amekufa tangu 2000. Inauma kuona heshima inafika na mwenyewe hayupo. Kama wanabendi wako wako hai, wapigie simu kabla hujapakia faili la kwanza.

Na usipakie bila ruhusa. Haki ni mbili: ya aliyetunga wimbo na ya rekodi yenyewe. Ukurasa mmoja unatosha, uliosainiwa na kila mmoja au na familia ya aliyefariki, ukisema nani alitunga nini, fedha zikipatikana zigawanywe vipi, na nani hataki jina lake halisi litajwe. Wengi walitumia majina ya jukwaani, na leo wana kazi na watoto. Nakala ghafi ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine. Toleo lililosafishwa lipe jina tofauti la faili, na kanda asilia itunze ikiwa imesimama wima ndani ya kasha lake, mbali na spika.