Kisu cha bei ndogo cha kwenda nacho ziwani: angalia msuka (kile chuma cha bapa kinachoingia ndani ya mpini), halafu hela iliyobaki ipeleke kwenye ala

Mkuu, umesema unataka kisu kisichokunja cha kwenda nacho visiwani, kuvua na kulala nje, bajeti elfu thelathini, na ukaweka picha ya lile dude lenye msumeno mgongoni na dira kwenye kifuniko cha mpini. Lile achana nalo. Mpini wake ni bomba tupu, ndani hakuna chuma cha maana. Bapa limeshikwa na nati pale shingoni basi. Likibanwa kwenye fundo la kuni, shingo inakatika unabaki na dira. Na ule msumeno haukati mti wowote, kazi yake ni kunasa nyavu za watu.

Mimi niko Kirumba, Mwanza, navua sato na jamaa wenye mitumbwi kila nikipata nafasi, kwa hiyo nakujibu kwa kazi ninazozijua: kupaa na kutumbua samaki, kukata manila, kuchonga vigingi vya turubai, kumenya vitunguu. Kupasua kuni sikuhesabu, maana hiyo ni kazi ya panga, na sijawahi kuona kambi ya wavuvi isiyo na panga. Ukishaliachia panga kazi yake, huna haja ya kisu kikubwa. Bapa la sentimita 10 hivi, unene milimita 2 mpaka 3, linatosha kabisa. Vile vinene vya milimita 5 vinapendeza mkononi, lakini jaribu kupasulia sato uone: nyama inachanika tu.

Ukifika dukani uliza msuka umeingia wapi. Kama mpini ni vipande viwili vya mbao vilivyogongewa riveti, utauona msuka kati yake kama mstari wa chuma. Ukiishia katikati ya mpini, hakikisha ni mpana na mpini hauchezi. Msuka mfupi mwembamba kama msumari, rudisha.

Watu watakutajia Mora, na wana haki. Ni visu vya Sweden, kwao ni vya bei ya chini, mafundi wanaviweka kiunoni kila siku. Companion kwa mfano, msuka wake haufiki mwisho wa mpini na bado ni kigumu, kwa sababu plastiki imeuzunguka vizuri. Kipo cha chuma cha kaboni na kipo kisichoshika kutu. Kwa samaki chukua hicho cha pili. Shida ni kukileta Mwanza, usafiri unaweza kuzidi bei ya kisu. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Ulaya, mwagize.

Kama huna huyo ndugu, nenda kwa mhunzi. Huku kwetu ufundi huu haukuja na pikipiki, Warongo, wahunzi wa zamani wa Uzinza kusini-magharibi mwa ziwa, walikuwa wanayeyusha chuma chao wenyewe. Mwambie fundi unataka kisu cha springi ya gari, usikubali nondo. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, hata ukiichoma na kuizamisha mara ngapi haitakuwa ngumu, itang'aa tu siku ya kwanza. Springi ikipashwa moto mpaka sumaku iache kuikamata, ikazamishwa kwenye oili, inakuwa ngumu. Kisha lazima ipashwe tena kwa moto mdogo ili isiwe ya kuvunjika. Fundi akiruka hiyo hatua ya pili, kikianguka kwenye mwamba kinaweza kukatika. Nenda na tupa yako mfukoni. Pitisha pembeni ya makali: ikiteleza na kulia, kisu kimeiva. Iking'ata kama kwenye nondo, mwambie arudie. Na mkatalie kabisa kumalizia makali kwa grinda bila maji. Ukiona chuma kimegeuka bluu ukingoni, ule ugumu umeondoka, na hakuna kinoo kitakachourudisha.

Springi inashika kutu, ndiyo. Lakini ziwa letu ni la maji baridi, huna chumvi ya Dar. Futa, kausha, paka mafuta ya kula kidogo sana (yakizidi yanagandamana). Oili ya gari usipake, kisu hichohicho unakatia kitoweo. Weusi unaotokea baada ya samaki na limao usikutishe, kutu ni ile nyekundu.

Sasa ala, na hapa ndipo wengi wanabania. Ala ya kitambaa inayokuja na visu vya bei rahisi ncha huitoboa, na ukipanda bodaboda ncha hiyo inaelekea pajani kwako. Ngozi ni nzuri nchi kavu, ila mtumbwini inakunywa maji na kisu kinalala kwenye unyevu usiku kucha. Ninayoitumia ni ya bomba la PVC, kipande cha inchi moja na nusu kutoka kwa fundi bomba yeyote, mara nyingi wanakupa bure. Kikate kizidi urefu wa bapa kwa vidole vinne. Funga bapa na mwanzo wa mpini kwa gazeti tabaka mbili. Tumbukiza bomba kwenye maji yanayochemka mpaka lilegee. Usilichome kwenye mkaa, PVC ikiungua moshi wake ni sumu. Vaa glavu, ingiza kisu, bana kati ya mbao mbili na ukalie mpaka ipoe. Siri iko kwenye ule mwanzo wa mpini: plastiki ikiubana, kisu hakidondoki hata ukiinama kuvuta nyavu. Ukigeuza ala juu chini na kuitikisa, kisu kisitoke. Toboa tundu chini maji yatoke, piga riveti pembeni, malizia kwa kitanzi cha mkanda.

Mpini ufunge kamba nyekundu au ya chungwa, ndefu kiasi cha kuufunga kwenye mtumbwi wakati unafanya kazi, maana kikizama hakirudi. Kwenye meli ya Ukerewe kiweke ndani ya begi, usipande nacho kiunoni.

Kunoa, msasa wa maji juu ya kipande cha kioo unatosha. Ukienda kwa mhunzi, piga picha ya msuka kabla hajafunga mpini, uiweke hapa tuuone.