Pima Kabla Hujabandika: Maswali Yenu Kuhusu Kalori za Chakula cha Nyumbani

Tangu niandike kuhusu kupunguza uzito bila kuacha ugali, wasomaji wamekuwa wakiniletea swali lilelile kwa sura tofauti. Chakula cha pakiti kina lebo, lakini hiki tunachopika wenyewe, kwa jicho na kwa mkono, kalori zake tutazijuaje? Nimechagua maswali machache, na yaliyokuwa marefu nimeyafupisha.

Programu ya simu inaniuliza nimekula gramu ngapi za ugali. Mimi najua nimekula ugali, basi. Nianzie wapi? (Morogoro)

Anzia kwenye unga. Maji hayana kalori, kwa hiyo kalori zote za ugali zilikuwa ndani ya unga kabla hujabandika sufuria. Unga mkavu wa mahindi una kalori 360 hivi kwa kila gramu 100, kwa hiyo nusu kilo ni 1,800. Uusonge ukaze au uwe laini, ni 1,800 zilezile. Kinachobadilika ni uzito wa ugali wenyewe, maana mwingine umebeba maji mengi na mwingine kidogo. Ndiyo sababu ukitafuta "ugali" kwenye programu unakuta majibu matano yasiyofanana.

Kama una mizani ya jikoni, pima unga kabla. Ukishaupindua ugali kwenye sahani, pima tena, halafu toa uzito wa sahani. Tuseme umepata gramu 1,500. Gawanya 1,800 kwa 1,500, kila gramu 100 ni kalori 120. Kipande chako kikiwa na gramu 400, umekula 480. Ukoko uliobaki kwenye sufuria nao ni unga, lakini huo tusiupigie hesabu, tutakesha.

Huna mizani? Gawanya kwa walaji. Ugali wa nusu kilo ukiliwa na watu wanne wanaolingana, kila mmoja amekula kama 450. Ukijua uliongeza kipande, andika 500 uendelee na maisha.

Utaratibu huu unafaa kwa makande, maharage, ndizi nyama, chochote kinachopikwa sufuria moja. Jumlisha kila kinachoingia kabla ya moto, kisha gawanya kinachotoka. Kwa vyakula vya mchuzi, pima sufuria zako zikiwa tupu, mara moja tu, uandike uzito wa kila moja kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati. Ukiipua unapima sufuria na chakula chake, unatoa namba iliyo mlangoni.

Nimeandika gramu 300 za wali, programu ikaniambia nimekula kalori zaidi ya elfu moja. Ni kweli? (Mwanafunzi, Dodoma)

Si kweli, umechagua mstari wa mchele mkavu. Mchele mkavu una kalori 360 hivi kwa gramu 100. Ukiiva unakuwa umekunywa maji, uzito umepanda mara mbili na nusu hadi tatu, na gramu 100 za wali mweupe zina kama 130. Gramu 300 zako ni kalori 390. Tofauti ya karibu 700 ni mlo mzima, na imeletwa na neno moja ulilolipita haraka. Maharage ni vilevile: makavu 340 hivi kwa gramu 100, yaliyochemshwa karibu 130.

Kwenye nyama mambo yanageuka. Nyama inapoteza maji jikoni, gramu 100 mbichi zinabaki kama 70 zikiiva. Ukipima iliyoiva ukaiandika kama mbichi, umejipunguzia.

Nyingi ya programu hizi zinamruhusu mtumiaji yeyote kuingiza chakula chake, kwa hiyo "pilau ya nyumbani" unayoiona humo inaweza kuwa ya mtu aliyepika kwa mafuta ambayo wewe hujui ni kiasi gani. Mimi naamini zaidi majedwali yaliyopimwa. Tanzania inayo ya mwaka 2008, yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya ilitoa yake mwaka 2018 ikisaidiwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, pamoja na kitabu cha mapishi ya kawaida ya nchini kinachoonyesha virutubisho vya kila mlo. Yote yanapatikana bure mtandaoni.

Shikamoo dada. Niko kazini mchana kutwa, msichana wangu wa kazi ndiye anayepika. Nimemwambia apunguze mafuta, anasema ameshapunguza. Nitajuaje bila kumsimamia jikoni? (Mama wa watoto watatu, Tabata)

Marahaba. Usimsimamie yeye, mtagombana bure. Isimamie chupa.

Siku mnayofungua chupa mpya ya lita moja, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Ikiisha, hesabu siku. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 920 hivi, na kila gramu ya mafuta ni kalori 9, kwa hiyo chupa nzima ni zaidi ya 8,200. Mkiwa watano na imeisha kwa wiki moja, kila mmoja amekunywa, kwa wastani, karibu kalori 235 za mafuta kila siku, kabla hatujagusa wali wala nyama. Ikikaa wiki mbili ni nusu ya hapo. Hesabu hii ina matundu yake. Watoto wadogo wanakula kidogo kuliko wewe, na mafuta mengine yanamwagwa baada ya kukaanga samaki. Hata hivyo inakupa ukweli ambao hakuna mtu jikoni anayeweza kukupa kwa mdomo.

Mafuta ndiyo yanayoharibu hesabu za watu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hayaonekani sahanini. Kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15, ni kalori 120. Sasa mtazame mtu anayekaanga kitunguu kwa kumimina moja kwa moja kutoka chupani: anainamisha, chupa inagugumia mara mbili tatu, mafuta yanaenea sufuria nzima hadi kitunguu kinaogelea, naye anasema ameweka kidogo. Hapo ni vijiko vitano au sita, na ni kabla ya yale ya kutia kwenye wali.

Mnunulie kijiko cha kupimia, mkubaliane idadi kwa kila sufuria. Na umwambie mbele ya watu wote wa nyumbani kwamba chakula kikipungua ladha halaumiwi yeye. Wapishi wengi wa nyumbani wanazidisha mafuta kwa kuogopa maneno ya mezani. Jambo la mwisho: mchuzi ukitulia, mafuta yanapanda juu, na upawa wa kwanza ndiyo unaoyachota. Koroga kabla ya kupakua, au yaengue kabisa.

Wali wa nazi una tofauti gani na wali mweupe? Huku kwetu bila nazi hatuli. (Tanga)

Wala msiache. Lakini tofauti ipo, tena kubwa. Nyama ya nazi iliyokomaa ina kalori 350 hivi kwa gramu 100. Nazi moja ikitoa gramu 300 zilizokunwa, hapo pana kama 1,050. Sehemu ya mafuta inabaki kwenye machicha, na kiasi chake kinategemea ulivyokamua, kwa hiyo nakushauri uihesabu nazi nzima; afadhali ukosee kwa kuzidisha. Mchele nusu kilo ni 1,800. Ongeza nazi, sufuria inakuwa 2,850. Wali wote ukitoka gramu 1,500, kila gramu 100 ni 190, dhidi ya 130 za wali mweupe. Kwa sahani ya gramu 350 ni 665 badala ya 455.

Ukitaka kupunguza, pikia wali kwa tui la pili na tui zito liweke kwenye mboga, au kinyume chake. Nazi kwenye wali, nazi kwenye maharage na nazi kwenye samaki, mlo mmoja, hapo ndipo watu wanashangaa mizani. Kwa tui la kopo soma lebo. Makopo yanatofautiana mno, mengine ni mazito maradufu ya mengine.

Chapati moja ni kalori ngapi? (Nakuru)

Inategemea wewe umezikata ngapi kwa kilo moja. Hesabu za mfano: kilo ya unga wa ngano, 3,600. Vijiko vinne vya mafuta kwenye kinyunya, 480. Mafuta ya kukaangia, tuseme mililita 150, kama 1,240. Jumla 5,320. Zikitoka chapati 14, kila moja ni 380. Zikitoka 20 ndogo, ni 266. Kwa hiyo anayesema "nilikula mbili" bado hajasema kitu.

Mafuta ya kukaangia usiyakisie kwa kijiko, maana unapaka huku na huku hujui umefika wapi. Mimina kiasi kwenye kikombe kabla ya kuanza, kisha pima kilichobaki.

Tunakula sinia moja watu wazima wanne na watoto wawili. Nihesabu matonge? (Unguja)

Matonge yaache, utakosa hata la kusema na wenzako. Adabu ya sinia itakusaidia: kila mtu anakula mbele yake. Sehemu iliyo mbele yako ndiyo kipimo chako. Wahesabu watoto wawili kama mtu mzima mmoja, mnakuwa watano, nawe umekula moja ya tano ya kilichoondoka. Kama wewe ndiye huwa wa mwisho kunyanyuka, jiongezee kidogo.

Kwa pilau ya watu wanane, mfano wa sufuria: mchele kilo moja 3,600, nyama bila mfupa gramu 700 kama 1,400, viazi nusu kilo 400, mafuta mililita 200 kama 1,650. Jumla 7,050, yaani karibu 880 kwa mtu. Hiyo namba iweke kichwani kwa ajili ya shughuli za watu. Huendi harusini na mizani kwenye mkoba. Unakula, unaandika 900 ukirudi, na kachumbari huiandiki.

Lebo moja imeandika kJ 1,500, nyingine kcal 360. Ipi ni kali zaidi? (Mwanza)

Zinakaribia kulingana. Gawanya kilojuli kwa 4.2 upate kilokalori, na hizo kcal ndizo watu wote tunazoziita kalori kwa mazungumzo. 1,500 ni kama 357.

Nakula kalori 1,200 kwa siku, ninaandika kila kitu, na uzito hausogei. Mwili wangu umegoma? (Nairobi)

Nakuamini kwamba unaandika. Siamini kwamba unaandika kila kitu, na usikasirike, kwa sababu hauko peke yako. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliosema hivihivi, kwamba wanakula chini ya 1,200 na hawapungui. Miili yao ilikuwa inaunguza nishati kama kawaida. Walichokuwa wakila kilizidi walichoandika, na kwa wastani walikuwa wameacha karibu nusu nje ya daftari. Hawakuwa wakidanganya.

Kwa mwanamke anayepika, nusu hiyo najua pa kuitafuta. Kuonja mchuzi mara nne. Kumalizia sahani ya mtoto ili chakula kisitupwe. Na chai. Kikombe kikubwa cha mililita 300, nusu maziwa, ni kama 95 za maziwa. Vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa pomoni ni gramu 20 hivi, kalori 80. Hiyo ni 175, na huku kwetu nani anakunywa kimoja? Vitatu ni zaidi ya 500, bado andazi.

Andika hayo kwa wiki moja bila kubadilisha mlo wowote. Namba isipopanda, hapo muone daktari akupime tezi la shingo na mengine. Na kama unanyonyesha, 1,200 ni kidogo mno, acha leo.

Baba yangu ana kisukari, anachoma insulini. Nimpimie kwa utaratibu huu? (Moshi)

Mizani na daftari vitamfaa, ila kwake kinachotazamwa zaidi ni wanga, yaani gramu ngapi za ugali, wali au ndizi kwa kila mlo, na kutobadilika ovyo siku hadi siku. Usimpunguzie chakula mwenyewe huku dozi ikibaki ileile. Sukari inaweza kushuka ghafla, na hiyo ni hatari. Mwandikie wiki nzima, mpeleke na daftari kliniki.

Mchicha nao niupime? (Iringa)

Mchicha wenyewe hapana. Fungu zima lililochemshwa halifiki kalori za kijiko kimoja cha mafuta. Pima ulichouungia. Karanga za kusaga ni 570 hivi kwa gramu 100, kwa hiyo robo kilo kwenye mboga ya watu watano imempa kila mmoja 285, na mboga ya majani imeipita nyama.