Barua kwa mwanangu: bibi yako aliponiita dada

Mwanangu,

Ile meseji yako ya sauti nimeisikiliza mara tatu. Unasema mama mkwe wako ameanza kusahau, mkeo anataka wamlete hapo Dodoma akae na nyie, na wewe unaogopa kwasababu unaikumbuka ile miaka sita ya bibi hapa Kimara, Dar, usiku halali mtu, geti kufuli saa zote, kelele za magharibi. Halafu ukaniuliza, mama uliwezaje, na mbona kila ukimtaja bibi unatabasamu wakati mimi nakumbuka tabu tu.

Tabu ilikuwepo baba, sikatai. 2013 ulikuwa kidato cha tatu na chumba chako ndio alichopewa bibi, ukalala sebuleni mpaka unaenda chuo, na sijui kama niliwahi kukushukuru kwa hilo. Nakushukuru leo.

Bibi alikuwa Manzese kwenye nyumba yake, majirani wakaanza kunipigia, mara kaacha jiko la mkaa linawaka ndani, mara kaenda gengeni mara nne siku moja kununua nyanya zile zile. Sisi tukasema uzee. Mama yako mdogo akasema karogwa, hela ya mganga ikatoka. Zahanati ya kwanza tuliyompeleka wakampa dawa za malaria hata kumpima hawakumpima. Mwaka mzima ukapita hivo, mpaka akatokea daktari mmoja kijana akakaa nae karibu nusu saa, mara amwambie ataje miezi, mara achore saa, akapima presha, sukari, damu, ndio akatuambia huu ni ugonjwa unaitwa demensia, hauponi, na sio uzee wala sio uchawi. Akatuambia na hili, mambo ya juzi ndio yanaondoka kwanza, ya ujanani yanachelewa kuondoka. Bibi yako mtu wa Rufiji, mimi nimekua namuona anasuka ukili, nikaelewa hapo hapo, ukili ukifumuka unaanzia pale ulipoishia kusuka, hauanzii mwanzo.

Kuelewa nilielewa ila kutenda bado. Nilikuwa namsahihisha kutwa, mama leo Jumatano, mama hapa sio Manzese, mama baba alishafariki 1998. Na kila nikimwambia baba alishafariki alikuwa analia upya, kilio kile kile cha siku ya kwanza, mikono kichwani, maana kwake habari ilikuwa ndio inafika. Sijui nilimpa msiba ule mara ngapi kwa kutaka tu kusema ukweli. Uchovu wa usingizi niliokosa umeshaisha mwilini, hilo mwanangu bado linaniuma.

Kilichonibadilisha ni sabuni. Unakumbuka sabuni zilivyokuwa zinapotea mpaka tukamshuku dada wa kazi, Mungu anisamehe. Siku hiyo nikatandua kitanda cha bibi nikakuta vipande saba vya sabuni ya mche vimefungwa kwenye kanga, pembeni kuna soksi yako ya shule imejazwa sukari, imeshika unyevu, sisimizi wanapishana mpaka ukutani. Nikafoka. Akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akachungulia dirishani, akaninong'oneza, dada usipige kelele, watasikia, watasema mimi mhujumu.

Wewe hukuwepo. 1983, Sokoine ndio waziri mkuu, ukaja msako wa wahujumu uchumi. Sabuni na sukari vilikuwa vitu vya kupanga foleni na kujuana na mtu, unga tulikula wa njano tukiuita unga wa Yanga, na mtu akikutwa na bidhaa nyingi ndani anashikwa, wengine walikuwa wanatoka usiku kwenda kuzitupa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi nakumbuka tu mama anazima kibatari mapema na kutuambia tulale. Sasa nimesimama pale na soksi mkononi ndio nikaelewa kumbe mama yangu hajaiba kitu cha mtu, yeye yuko 1983, ana watoto wanne, anahakikisha tutafuliwa nguo. Hasira ziliniisha zote. Nikakaa nae kitandani na mimi nikanong'ona, nikasema wameshapita, nimewaona wanaishia kule barabarani. Akashusha pumzi. Akachukua kipande kimoja akakivunja katikati, nusu akanipa mimi, akasema chukua na wewe ukawafulie wanao.

Ile nusu sijaifulia mpaka leo, iko kabatini.

Kuanzia siku ile sikumrudisha tena, nikawa namfuata aliko. Ndio nikakutana na mtu ambae nilikuwa simjui. Mimi nimelelewa na mama wa zamu, anarudi kutoka kiwanda cha nguo cha Urafiki amechoka, neno moja na kofi. Lakini mimi dada yake nikaambiwa ambayo mtoto haambiwi, alivyotoroka usiku kwenda kwenye ngoma akarudi na kanga ya mwenzie, alivyomwogopa mama mkwe wake mpaka akawa anakula akiwa amesimama jikoni, na kuna kijana mmoja kabla ya babu yako alikuwa anampenda kweli kweli, hilo alinisimulia huku kafunika mdomo kwa mkono, anacheka kama binti. Na alikuwa mchekeshaji! Miaka arobaini nakaa na mwanamke mchekeshaji sijui.

Halafu ile siku ya basi la mwendokasi, sijawahi kukusimulia vizuri. Nilikuwa nampeleka kliniki ya presha, tumekaa, pembeni yake mama mmoja amejitanda kanga mpya. Bibi akaushika ule upindo, akausugua polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, akaunusa, akasema, hii sio yetu, uzi mwepesi, haimalizi mwaka. Nikataka kuomba radhi, yule mama akanikonyeza, akamuuliza, ya kwenu ikoje bibi? Weee, akaelezewa! Nyuzi zinavyokatika, mashine inavyopiga kelele mpaka mnaongea kwa mikono, walivyofundishwa na Wachina. Gari lilipofika Urafiki akasimama, nachelewa zamu. Zamani ningemvuta kanga akae. Tukashuka. Tukasimama pale kituoni magari yanapita, anatazama kule kiwandani, nikamwambia leo wamefunga, sikukuu. Akafikiri kidogo, akasema basi kama sikukuu tukale mihogo. Tukala mihogo ya kukaanga na kachumbari, pilipili mpaka machozi, kliniki tukaenda kesho yake. Ukiniona natabasamu, mara nyingi niko pale kituoni.

Uliniuliza pia kama mwishoni alinijua. Jina langu hapana, lilishapotea muda. Ila akishtuka usiku alikuwa ananitafuta mimi, mama yako mdogo akimgusa anautoa mkono, mimi nikimgusa analala. Na Alhamdu yake aliimaliza bila kukwama mpaka mwezi aliofariki, 2019, hata maneno mengine yalipokuwa yamekwisha. Alikuwa anaweza kuswali magharibi mara tatu, nikahangaika, shehe wa hapa mtaani akaniambia muache, aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi dhambi.

Sasa mambo ya kufanya. Shona namba yako na ya mkeo ndani ya upindo wa nguo zake, sio kikaratasi, bibi alipotea mara mbili na mara zote mbili ni vijana wa bodaboda walionipigia. Mlango muweke kengele msikie akitoka. Magharibi ndio mbaya, anataka kwenda kwao, basi washa taa kabla giza halijaingia na umpe kitu cha mikono kuanzia saa kumi, bibi nilimpa ukindu au mchele wa kuchambua kwenye ungo, huo huo kila siku, mikono ilikuwa inajua kazi yake. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu usiseme ugonjwa umekua, mpeleke wapime mkojo, bibi alikuwa anaona watu ukutani kumbe ni UTI, dawa za wiki moja akarudi kama mwanzo. Presha msiiache. Na mkeo asibebe peke yake baba, hili nakuomba sana. Mjomba wako alikuwa anatuma hela kila mwezi na namshukuru, lakini hela haimgeuzi mtu kitandani saa nane usiku. Siku mbili kwa wiki ziwe zako, umlishe uji mdomoni, umsikilize, na kama kumuogesha mama mkwe unaona haya, mtafuteni dada wa kumuogesha ila mengine ni wewe.

Akija nitapanda treni ya umeme nije nikae na nyie wiki mbili tatu za mwanzo. Kabla hajaja muulize mkamwana wangu mama yake alipokuwa binti wa miaka ishirini alikuwa wapi, anafanya kazi gani, anaishi na nani, dada zake ni kina nani na yupi alikuwa anampenda zaidi. Aandike yote kwenye daftari. Nipigie Jumapili unisomee.

Mama yako