Mizania: “Tuna milioni 41 benki, tununue mashine ya mawese?”

Safu hii hujibu maswali ya wanaoongoza vikundi, vyama na mashirika. Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Kigoma na Tabora. Nimechukua tatu. Ile ya Kasulu nimeipa nafasi kubwa kwa sababu tangu mwaka 2025 napokea nyingi zinazofanana nayo, na ninaposoma naona mashirika mazuri yanayoweza kuokolewa.

SWALI: Shikamoo mama. Ninaratibu shirika dogo hapa Kasulu. Kwa miaka 6 tumefundisha ushonaji na utengenezaji wa sabuni kwa wasichana wa vijiji vilivyo jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Fedha karibu zote zilitoka kwa mfadhili mmoja, naye alitegemea misaada ya Marekani. Misaada iliposimamishwa Januari 2025 tuliambiwa tusubiri, baadaye tukaambiwa mradi umefungwa. Tuko wafanyakazi 9, wastani wa mshahara ni Sh 650,000, wote tumeanza pamoja na mikataba yetu ni ya kudumu. Benki kuna Sh milioni 41, ambamo milioni 18 ni za mradi mpya wa maji shuleni. Tuna gari moja na cherehani 22. Bodi inasema tununue mashine ya kukamua mawese ili tujitegemee. Nishauri, mama yangu. — *Mratibu, Kasulu*

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa mzigo. Mashine ya mawese iacheni dukani kwanza, tukae na daftari.

Hamna milioni 41. Milioni 18 za maji zina mwenyewe. Hizo ni fedha zenye masharti, na ukilipia kodi ya ofisi kwa fedha hizo, hata kwa nia ya kurudisha mwezi ujao, umefungua mlango ambao mkaguzi atauona na mfadhili atauona. Mashirika mengi hufia hapo hapo, katika kuazima fedha za mradi huu kulipia deni la ule. Fungua akaunti ya pili wiki hii, uzihamishie huko.

Zimebaki 23. Humo humo kuna deni ambalo halijaandikwa popote, nalo ni haki za wafanyakazi wenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa mshahara wa 650,000, siku moja ni kama Sh 25,000. Miaka 6 ni siku 42, sawa na Sh 1,050,000 kwa mtu mmoja. Weka na notisi ya siku 28, ambayo nitaihesabu kama mshahara wa mwezi mzima. Mkipunguza watu 5, mnahitaji Sh 8,500,000, na bado hatujagusa likizo ambazo hawajachukua.

Najua sentensi hiyo ya kupunguza watu inakuuma. Lakini tazama njia nyingine inakoishia. Mishahara ya watu 9 ni Sh 5,850,000, mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 ni 585,000, kisha kodi ya pango, LUKU, bando, mafuta na matengenezo ya gari. Hapo mko karibu milioni 8 kwa mwezi. Milioni 23 hazifikishi hata miezi 3, na mwezi wa nne mnafunga mlango watu 9 wote mkiwa hamjalipwa stahili zenu. Huko ndiko kuwaumiza watu.

Sasa piga hesabu ya pili. Mmelipa 8,500,000, mmebaki na 14,500,000 na watu 4. Mishahara 2,600,000, NSSF 260,000, ofisi ya vyumba viwili badala ya sita, LUKU na bando 450,000, usafiri 400,000. Jumla Sh 3,710,000. Kama watu 2 kati ya hao 4 wanafanya kazi ya mradi wa maji, na mkataba wa mradi unaruhusu mishahara yao, mradi unabeba 1,430,000. Shirika linabaki na Sh 2,280,000 kwa mwezi. Fedha zenu huru zinawafikisha zaidi ya miezi 6, na katika miezi 6 kiongozi anaweza kufanya kitu. Wale 5 waelezwe mapema, kabla uamuzi haujafungwa. Sheria inataka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu na ashauriane nao, na hata isingetaka, watu mlioanza nao miaka 6 iliyopita wanastahili kuziona hesabu hizi kwa macho yao. Pengine wapo watakaoomba nusu ya muda kwa nusu ya mshahara. Sikilizeni.

Gari. Kabla ya kuliuza, hakikisha ni lenu. Vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za mradi mara nyingi hubaki na masharti hadi mfadhili atoe barua ya kuwakabidhi, na hilo linahusu cherehani pia. Barua ikiwepo, jumlisha bima, matairi, dereva, sevisi na mafuta ya mwaka mzima, ugawe kwa siku ambazo gari lilitoka kweli kwenda vijijini, halafu ulinganishe na bei ya kukodi kwa siku. Kwa shirika la watu 4, mara nyingi kukodi kunashinda, na kwa vijiji vya karibu pikipiki inatosha.

Hapa nifike kwenye jambo ninalotaka ulichukue kuliko mengine yote. Je, unajua kumfundisha msichana mmoja ushonaji hadi amalize kunagharimu shilingi ngapi? Sisemi kitambaa, uzi na chai ya saa nne peke yake. Nasema pamoja na sehemu yake ya mshahara wa mhasibu, kodi ya chumba, ukaguzi wa mwaka, na dakika zako mratibu. Viongozi wengi ninaokutana nao hawaijui namba hiyo, kwa hiyo kila wanapoandika andiko wanaomba pungufu, na wakipata ruzuku ndipo umaskini wa ofisi unapoongezeka. Wanaogopa kwamba mfadhili akiona gharama za uendeshaji ataondoka. Hizo kanuni za misaada ya serikali ya Marekani ziliruhusu taasisi isiyo na kiwango chake maalumu kudai, kwa ajili ya gharama za uendeshaji, hadi asilimia 10 juu ya sehemu kubwa ya gharama za moja kwa moja, na tangu Oktoba 2024 kiwango kikapanda hadi 15. Mashirika mengi madogo yaliyokuwa chini ya mashirika makubwa hayakuidai, kwa sababu hayakuwa na hesabu ya kuweka mezani. Gharama kamili kwa kila msichana ikiwa mkononi mwako, unaweza kukataa ruzuku itakayowamaliza, na unaweza kumwonyesha mfadhili mpya, halmashauri, au parokia, kwamba shilingi yake inafanya kazi gani.

Sasa mawese. Sina neno na chikichi, ni utajiri wa Kigoma. Lakini mashine ya kukamua inataka chikichi za kununua kwa fedha taslimu, mapipa, kuni, mtu anayejua mafuta mazuri na mabaya, na uvumilivu wa kuhifadhi mafuta bei ikiwa chini. Ni nani kwenu amewahi kuifanya kazi hiyo? Ninyi mnajua kushona.

Shirika la BRAC la Bangladesh, lililoanzishwa 1972 na ambalo hata Tanzania lipo tangu 2006, linajulikana kwa kujipatia sehemu kubwa ya mapato yake lenyewe. Duka lake maarufu, Aarong, lilianza 1978 kwa sababu ya tatizo lililokuwa mezani: wanawake wa vijijini waliofuma hariri walikuwa wakisubiri miezi ndipo wenye maduka wawalipe. BRAC wakaamua kuwalipa wanapoleta kitambaa, kisha wakauza wenyewe. Biashara ilitoka ndani ya kazi waliyokuwa wakiifanya, na watu walewale waliokuwa wakihudumiwa ndio waliofaidika.

Ninyi mna cherehani 22 na wasichana waliohitimu mikononi mwenu. Shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo sare hutafutwa kuanzia mwishoni mwa mwaka. Zungukia shule za msingi na sekondari kuanzia Agosti, ujue rangi, idadi na nani anaamua. Anza na shule 3, uchukue malipo ya awali yanayotosha kitambaa, na bei ya sare iwe na ujira wa fundi, LUKU, cherehani inayochakaa na usimamizi. Akaunti iwe yake peke yake, na daftari lake. Kabla ya kuanza, nenda TRA uulize kodi ya biashara itakuwaje, maana usajili wa shirika lisilo la kiserikali hauifuti kodi ya duka, na faida haigawanywi kwa wajumbe, inarudi kwenye kazi ya shirika.

Na bodi, mwanangu, ikutane hapo ofisini. Chai ya mama wa jirani, maandazi, nauli halisi. Waonyeshe ukurasa mmoja kila mwezi: fedha huru zilizobaki, fedha zenye masharti, na miezi mingapi mbele yetu. Mjumbe asiyetaka kusoma ukurasa huo aombwe kwa heshima ampishe mwingine.

SWALI: Habari za kazi, mama mhasibu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ya tumbaku huku Urambo, umri umesogea. Wanachama wanadai ushuru wa chama kwa kilo upunguzwe. Tukipunguza, ofisi itaendeshwaje? — *Mzee wa Urambo*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Chukua mfano: ofisi inatumia Sh milioni 36 kwa mwaka na mnauza kilo 400,000. Kila kilo inabeba Sh 90. Mvua ikiwanyima mkauza kilo 300,000, ofisi ileile inabebwa kwa Sh 120 kwa kilo. Kwa hiyo makisio yatengenezeni kwa kilo za mwaka mbaya, na posho za vikao ziandikwe humo kwa idadi ya vikao, zisiachwe zikakua zenyewe katikati ya msimu.

Hata hivyo nashuku ushuru unalaumiwa kwa kosa la mwingine. Mkulima anapoona malipo yake yamepungua, mara nyingi kilichokula ni deni la pembejeo, na kwa dhamana ya pamoja aliyeuza vizuri anamlipia aliyeshindwa au aliyetorosha tumbaku. Deni hilo huanzia kwenye orodha ya makisio ya pembejeo: mtu analima hekta 1, anaandikishwa 2, mbolea ya ziada inauzwa pembeni, deni linabaki la chama. Kapimeni mashamba kabla ya kuagiza. Ukomo wa madeni unaopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa vyama vya ushirika ujadiliwe kwa namba hizo, usipitishwe saa kumi na moja jioni watu wakisubiri nauli. Taarifa ya COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, nayo isomwe mbele ya wanachama pamoja na hoja zake, na kila mkulima apewe karatasi ya makato mstari kwa mstari. Akishaiona, ushuru mtauzungumza kwa utulivu.

SWALI: Mama, VICOBA yetu ya Ujiji hugawana kila kitu Desemba, sanduku linabaki tupu. Januari kila mtu anataka kukopa ada na hamna kitu. Tubakize? — *Mweka hazina*

JIBU: Bakizeni, mdogo wangu. Kila mmoja aache sehemu ya hisa zake iliyoandikwa kwa jina lake, ili asiyetaka kuendelea aondoke na chake bila ugomvi. Iingizeni kwenye katiba. Kama bado hamjasajiliwa kama kikundi cha daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, onaneni na ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Wengi wenu mnauza dagaa, na mliona jinsi marejesho yalivyokwama Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3 kuanzia 15 Mei 2024. Mikopo ya wauza dagaa ipangieni marejesho makubwa miezi ya samaki na madogo miezi ya kufungwa, na hiyo akiba iliyobaki ikae benki kwa saini tatu.