Muulize Nahodha: Spidiboti zinatupitia puani, haki ni ya nani?

Safari hii barua nyingi ni za jambo moja, spidiboti na wenye matanga. Nimechagua nne. Kabla hamjaanza kusema nna upande wangu, mi nimeshika usukani wa mashua tangu utotoni na miaka ya mwisho nikaendesha mashine, magoti yalipokataa. Kwa hiyo nawajua wote wawili na wote wawili nawajua uongo wao.

Assalaam aleikum ami. Mi nna mashua ya kutembeza wageni hapa Lamu, jioni tunatoka gatini tunabisha, yaani tunaupinga upepo kwa upande upande, mpaka Shela watu waone jua likizama. Shida ni hizi boti za kupokea watu wa ndege kisiwani Manda na za mahoteli, zinapita karibu mpaka unaweza kumpokeza mtu kikombe cha kahawa. Juzi kijana wangu alikuwa amekaa juu ya ubao unaotokeza nje kusawazisha mashua, likaja wimbi la boti likamtupa majini, bahati anajua kuogelea na boti iliyokuwa nyuma ilimwona. Nilimfuata yule dereva gatini akanambia ati mimi ndo namuingilia njia, mara huku mara kule kama mlevi, na mwenye haraka apishwe. Ami, nani ana haki? Na nikiwa nayo hiyo haki inanisaidia nini? — Mwenye mashua, Lamu

Waaleikum salaam mwanangu, na mpe pole kijana.

Haki ni yako. Hii si desturi ya wazee tu, iko kwenye kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zile za 1972 zilizoanza kutumika 1977. Kanuni ya 18 inasema chombo kinachokwenda kwa mashine kikipishe chombo cha tanga. Na kama yule anakuja kutoka nyuma yako ndo hana hata pa kujitetea, manake kanuni ya 13 inasema anayempita mwenzake ndo wa kujitenga naye, awe na mashine au tanga, mpaka amalize kabisa kupita na awe mbali. Hakuna mahali pameandikwa mwenye haraka apishwe, hiyo ni kanuni ya matatu.

Sasa huko kwenda "kama mlevi" nimweleze dereva kama anasoma hapa. Kusi likivuma linaingilia mlango wa bahari pale Shela, na mwenye tanga hawezi kwenda uso kwa uso na upepo, hata awe bingwa wa mashindano ya Maulidi. Lazima abishe, aende upande wa Manda, akisi tanga, yaani alihamishie upande wa pili, arudi upande wa Lamu, akisi tena, ndo anasogea kidogo kidogo. Huko kwenda upande upande ndo njia yake iliyonyooka. Na mashua zetu si kama zile yoti za wazungu unavuta kamba moja mambo yamekwisha, foromali, ile inayobeba tanga, ni mti mzima, watu wauvushe upande wa pili wa mlingoti na tanga linapigapiga na maji yanawavuta, hapo chombo hakina nguvu kwa muda na hakiwezi kukwepa kitu. Hicho ndo kipindi we unampitia mita 5, kweli?

Tupige hesabu. Boti ya noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa, inakula mita 100 kwa sekunde 8 hivi. Mashua haijamaliza kukisi kwa sekunde 8. Kichwa cha mtu aliyeanguka majini nacho ukubwa wake ni wa nazi, na boti ikinyanyua omo, yaani mbele yake, dereva aliyekaa tezi, kule nyuma, haoni kitu mbele isipokuwa migongo ya abiria.

Haya, umeuliza haki inakusaidia nini. Swali zuri kuliko la kwanza, manake nimewaona wenye haki waliofika pwani wanaogelea. Mwenye haki naye ana wajibu, kanuni ya 17, ashike njia yake na mwendo wake. Wengi wetu hapo ndo tunaharibu, unaona boti inakuja unapata kiwewe unageuza, kumbe yule alishapanga kupita nyuma yako na sasa umemwendea palepale. Tulia. Usikisi tanga mbele ya omo lake ati kwa sababu we ni tanga, angalia nyuma kwanza, ikibidi kisi mapema au ngoja apite. Ila ukiona wazi kwamba hakupishi unaruhusiwa kuchukua hatua mwenyewe, na ikifika pahali yeye peke yake hawezi tena kuepusha mgongano basi ni lazima ufanye, huwezi kukaa pale unasema mi nna haki. Beba kitu cha kupiga kelele. Sisemi uende ukaazime siwa, lile baragumu la kale, makumbusho, filimbi kali inatosha, milio 5 mifupi ya haraka haraka maana yake "sikuelewi unafanya nini". Kama hajui kanuni atashtuka tu, na kushtuka ndo tunakokutaka.

Kuhusu wimbi. Wengi hawajui kwamba boti inayopiga wimbi baya zaidi si ile inayokwenda mbio kabisa, ni ile ya katikati, imepunguza nusu, tezi imezama omo limenyanyuka, inalima maji kama jembe. Kwa hiyo dereva anayekuona akapunguza kidogo kwa adabu anakuumiza zaidi kuliko angepita mbio mbali! Kupunguza kwa kweli ni kushuka mpaka boti ilale sawa juu ya maji, na aanze mapema kabla hajakufikia, manake wimbi alilolipiga kule nyuma litakuja tu hata yeye akishasimama. We upande wako ukiliona linakuja mrudishe kijana ndani kutoka kwenye ubao, lipokee kwa omo kidogo kwa pembeni, usilipe ubavu. Na avae laifujaketi. Najua mnasema inabana, joto, wageni watacheka. Wacha wacheke.

Nahodha, mbona kila siku mnatuonea sisi wa mashine? Mi ni dereva wa spidiboti, hotelini naambiwa mgeni ana ndege saa fulani na ameamka saa hiyo hiyo, nikichelewa mimi ndo wa kulaumiwa, si mgeni. Alafu usiku hawa wenye mashua na madau hawana hata taa, unashtukia tanga jeusi mbele yako, moyo unaruka. Wengine wanakaa katikati ya mkondo makusudi wakikuona. Sema na wao pia. — Dereva, hukohuko

Ndugu yangu, la taa una haki mia kwa mia na sitakupinga hata neno moja. Kanuni zinamhurumia mwenye chombo kidogo cha tanga chini ya mita 7, kwamba asipoweza kuweka taa za kawaida basi awe na tochi karibu ya kuonyesha mapema kabla mgongano haujaja. Tochi tu! Kila mtu ana simu yenye tochi, na bado watu wanatoka usiku gizani kama wanakwenda kuiba. Enyi wenye matanga, tochi iwe mkononi, na ukiona boti inakuja mulika tanga lako, tanga likimulikwa linaonekana mbali kuliko we ukimulika macho ya dereva ukampofusha.

Na wale wanaokaa njiani makusudi, huo ni utoto. Kanuni ya 9 inasema hata mwenye tanga asikizuie chombo ambacho hakiwezi kupita salama ila ndani ya mkondo mwembamba, ndo maana pale Kilindini, bandarini Mombasa, ngalawa haina la kuibishia meli ya kontena. Lakini usiichukue hiyo ukajivisha wewe, spidiboti yako inaelea hata pa kina cha kiuno, una bahari nzima.

La haraka ya hoteli sasa. Chukua mita 500 za mbele ya mji, pale penye magati na mashua na watoto wanaoruka majini. Ukizipita kwa noti 5 ni dakika 3 na kidogo, ukizipita kwa noti 20 ni kama sekunde 50. Yaani vurugu yote hiyo umeokoa dakika 2 na nusu, muda wa mgeni kutafuta kiatu chake. Mwambie meneja asogeze saa ya kuondoka kwa dakika 10, na kama hataki mwambie akupe kwa maandishi kwamba upite mbio penye watu, uone kama ataandika.

Alafu na mimi nikuulize, ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine unaifunga wapi? Manake wengi naona mmeiacha imechomekwa palepale haijafungwa kwa mtu, au mmeitia kipande cha plastiki cha kubana swichi isisumbue. Ile kamba ni ya mkono wako au mguu wako. Ukirushwa na wimbi la mwenzako, boti bila mtu inageuka kwenye duara na inarudi, na rafadha, lile panga la mashine, haijui kwamba wewe ndo mwenye boti. Tena peke yako tezi umesimama na simu sikioni. Na punguza huo muziki, kanuni ya 5 ya kuangalia mbele inasema kwa macho na kwa masikio pia.

Habari Nahodha, mi natembeza watalii huku Nungwi. Wageni wakiona ngalawa inakuja na tanga wanataka tuizunguke wapige picha, wengine wanataka karibu kabisa, wanatoa na tipu. Wavuvi wanatutukana. Kuna ubaya? — Kijana wa boti, Unguja

Upo. Ngalawa inasimama kwa sababu ya yale matengo mawili, mbao za kuelea za pembeni, ukiizunguka unaitupia mawimbi kutoka pande zote, upande mmoja unapokelewa na tengo upande wa pili tengo linazama, na yule mvuvi ana samaki na mshipi na pengine mtoto wake mle ndani. Pia unamkatia upepo ukikaa upande upepo unakotoka. Simama mbali, upande wa chini ya upepo, zima mwendo au acha mashine inanguruma tu, mwache yeye apite mbele yako na jua nyuma yenu. Picha itatoka nzuri kuliko ya kumfukuza, kwa sababu tanga litakuwa limejaa, halipigipigi. Na tipu ukipata mpelekee na yeye kidogo pale pwani jioni, uone kama atakutukana tena.

Nahodha shikamoo. Mamangu ni mtu mzima, wiki iliyopita akipanda boti gatini, mguu mmoja ndani mmoja ngazini, ikapita spidiboti kwa mbio, boti ikasukumwa mbali akaanguka katikati. Ameumia mguu. Yule dereva hakuangalia hata nyuma. Tumshtaki wapi? — Binti, Pwani

Marahaba mwanangu, mpe pole nyingi mama. Hii imenikasirisha kuliko zote.

Kwanza andika sasa hivi wakati bado mnakumbuka: siku, saa, gati gani, rangi ya boti, jina au namba iliyoandikwa ubavuni, nani alikuwepo. Muwe na karatasi ya daktari. Kama uko Kenya nenda polisi uandikishe na upeleke malalamiko KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, wao ndo wanaohusika na usajili na usalama wa vyombo. Tanzania bara ni TASAC, shirika la uwakala wa meli, na Zanzibar kuna mamlaka yao wenyewe ya usafiri baharini. Boti ya kutembeza watu inapaswa kuwa imesajiliwa, kwa hiyo namba ile ubavuni ndo silaha yako kubwa, bila namba watakuuliza "boti gani?" na utabaki umesimama.

Pia nenda kwa mwenyekiti wa chama cha maboti pale gatini, usimdharau ukaona ni mtu wa porojo. Dereva anayemkimbia polisi hamkimbii yule, manake ndo anayepanga zamu ya kupakia. Mwambie mnataka boya mbili, moja kila upande wa gati, na makubaliano kwamba kutoka boya hadi boya ni mwendo wa kutembea. Boya si lazima liwe la serikali, hata dumu la lita 20 lililopakwa rangi ya chungwa na kufungwa kwenye jiwe linaonekana vizuri, ila muwaarifu wenye gati kwanza.

Na siku mama akipona akipanda tena, mtu mmoja asimame gatini kazi yake iwe kutazama maji tu. Akiona boti inakuja apige kelele "ngoja", na mama asinyanyue mguu mpaka wimbi lipite. Huwa yanakuja mawili matatu, si moja.