Kompyuta ya pili ina waya lakini haipati intaneti

Swali: Nina kompyuta mbili zenye Windows 10. Laptopu hupata intaneti kwa wifi, nami nimeiunganisha kwa waya wa mtandao na kompyuta ya mezani ili nayo ipate. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipozizima zote mbili na kuziwasha tena. Sasa ya mezani inaonyesha imeunganishwa lakini haina intaneti, na anwani yake ya IP ni 169.254.80.12. Nimebadilisha waya, hali ni ileile. Nifanye nini?

Jibu: Umefanya vyema kuitaja anwani, kwani ndiyo iliyobeba jibu. Windows hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254 pale inapoomba anwani kwenye mtandao na kukosa wa kuijibu. Waya ungekuwa umekatika, ungeambiwa hakuna muunganisho kabisa. Kwa hiyo acha waya, rudi kwenye laptopu, maana yeye ndiye mgawaji wa anwani na amenyamaza.

Kwenye laptopu fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Kadi ya waya inapaswa kuwa na 192.168.137.1, anwani ambayo Windows huiweka ushirikishaji wa intaneti unapowashwa. Kama haipo, bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, kisha fungua sifa za kadi ya wifi, kichupo cha Sharing, uweke tiki ya kushirikisha intaneti. Ni kadi ya wifi, ile inayopokea intaneti. Wengi huwasha kwenye kadi ya waya na kuyageuza mambo kichwa chini. Hata ukikuta alama ya tiki ipo, iondoe, kubali, halafu iweke upya na uchague kadi ya waya kuwa ndiyo inayogawiwa intaneti hiyo.

Hapo intaneti itarudi, lakini tatizo litajirudia ukiwasha upya. Katika Windows 10, huduma ya ushirikishaji hujizima ikikaa dakika 4 bila kazi, na haijiwashi tena. Fungua services.msc, tafuta Internet Connection Sharing (ICS), weka Automatic. Kisha kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, ongeza thamani ya aina ya DWORD iitwayo EnableRebootPersistConnection yenye thamani 1. Hatua hizi mbili huenda pamoja. Hifadhi nakala ya rejista kabla hujaigusa.

Kompyuta ya mezani iache ijipatie yenyewe anwani na DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba). Nakusihi usiandike anwani kwa kubahatisha, kwa sababu namba isiyo ya kundi la 192.168.137 itakupotezea siku nzima ukitafuta kosa mahali pengine.

Ikishapata anwani ya kundi hilo na bado kurasa hazifunguki, kutokea ya mezani jaribu amri ya ping, inayopima kama mashine nyingine inajibu: ping 192.168.137.1, kisha ping 8.8.8.8 (seva ya DNS ya Google), mwisho ping jina la tovuti yoyote. La kwanza likishindwa usikate tamaa, huenda faiwoli ya laptopu inakataa tu kujibu ping huku intaneti ikipita. La pili likishindwa, laptopu haipitishi mawasiliano. Kama ina VPN, izime kwanza, maana mara nyingi hiyo ndiyo chanzo. Namba zikijibu lakini jina halijibu, shida ni DNS: weka 8.8.8.8 kwa mkono kwenye ya mezani ujaribu tena.

Jambo moja zaidi la kukagua: wifi unayotumia isiwe inatoka kwenye kompyuta nyingine ya Windows inayogawa intaneti. Nayo hutumia kundi lilelile la 192.168.137, na laptopu haiwezi kuwa na kundi moja pande zote mbili.

Ikibaki vilevile, niletee matokeo ya ipconfig /all ya mashine zote mbili.